Chumvi, Muhogo na Tezi ya Shingo: Madini Joto katika Afya ya Akina Mama

Katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na ya Kati, uvimbe wa shingo ulikuwa kwa miaka mingi jambo la kawaida kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa ni ugonjwa. Kwa Kiswahili uvimbe huo huitwa rovu, na siku hizi wengi husema goita. Ulionekana kwa wanawake zaidi kuliko kwa wanaume. Mara nyingi ulianza msichana alipovunja ungo, ukakua alipochukua mimba ya kwanza, na ukazidi kwa kila mimba iliyofuata. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: urithi wa ukoo, mizigo ya kichwani, maji ya mto, au husuda ya jirani. Tiba nazo zilikuwa nyingi kama sababu: chale za shingoni, dawa za kupaka, na mizizi ya kuchemsha.

Uchunguzi wa kisayansi umeonyesha kwamba chanzo kikubwa cha rovu katika sehemu hizo ni upungufu wa kitu kimoja katika chakula, nacho ni iodini, ambayo wananchi wa Tanzania huifahamu zaidi kwa jina la madini joto. Uchunguzi huo umeonyesha pia kwamba uvimbe wenyewe ni sehemu ndogo tu ya madhara. Sehemu iliyo kubwa haionekani kwa macho: ni mimba zinazoharibika, watoto wanaozaliwa wakiwa wamekufa, na watoto wanaoishi lakini ubongo wao haukupata kukua kama ulivyopaswa. Kwa hiyo anayezungumzia madini joto anazungumzia afya ya mama pamoja na akili ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

TEZI NA HOMONI ZAKE

Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, pana tezi yenye umbo linalofanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Wataalamu huiita thairoidi, na katika istilahi za Kiswahili huitwa pia dundumio. Kwa mtu mzima mwenye afya, uzito wake ni gramu 15 hadi 25 hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni. Homoni ni kemikali inayotengenezwa katika sehemu moja ya mwili na kuchukuliwa na damu ili ikaamrishe kazi katika sehemu nyingine. Yaweza kufananishwa na tarishi anayepeleka maagizo kutoka makao makuu hadi wilayani.

Homoni kuu ya tezi hiyo huitwa thairoksini. Kila molekuli ya thairoksini ina atomi nne za iodini, na homoni ya pili ya tezi hiyo, ambayo ina nguvu zaidi, ina atomi tatu. Hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi ya iodini katika kazi hiyo. Homoni hizo ndizo zinazopanga mwendo wa mwili mzima: mapigo ya moyo, joto la mwili, matumizi ya chakula, ukuaji wa mifupa na, zaidi ya yote, ujenzi wa ubongo wa mtoto.

Kiasi cha iodini kinachohitajika ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mahitaji ya mtu aliyeishi miaka 70 yakijumlishwa yote, hayafiki gramu 4, kiasi ambacho hakijazi kijiko cha chai. Hata hivyo mwili hauwezi kuweka akiba ya miaka mingi. Kiasi hicho kidogo hakina budi kupatikana mara kwa mara katika chakula.

Chini ya ubongo iko tezi nyingine, nayo ni pituitari, ambayo wakati wote hupima kiasi cha thairoksini kilichomo katika damu. Thairoksini ikipungua, pituitari hutoa homoni ya kuichochea thairoidi ifanye kazi zaidi. Seli za thairoidi huongezeka kwa ukubwa na kwa wingi ili zinase iodini yote inayopita katika damu. Iodini ikiendelea kukosekana, tezi huendelea kukua. Hali hiyo ni mfano wa kiwanda cha nguo kinachoongeza mitambo na wafanyakazi ilhali pamba haiji. Rovu, basi, ni alama ya tezi inayojitahidi kupita kiasi kwa sababu ya kukosa mali ghafi.

KWA NINI WANAWAKE HUATHIRIKA ZAIDI

Mwili wa mwanamke huitoza tezi hiyo kazi kubwa kuliko mwili wa mwanamume, na sababu zake zinajulikana. Kwanza, estrojeni, ambayo ni homoni ya kike na ambayo huongezeka sana wakati wa mimba, huzidisha katika damu protini inayobeba thairoksini. Ili homoni iliyo huru isipungue, tezi hulazimika kutengeneza nyingi zaidi. Pili, wakati wa mimba figo hupitisha iodini nyingi zaidi katika mkojo. Tatu, mtoto aliye tumboni huchukua sehemu yake, na baada ya kuzaliwa huipata kwa njia ya maziwa ya mama. Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mama mja mzito na kwa mama anayenyonyesha.

Tezi hiyo ina uhusiano pia na hedhi na uzazi. Homoni zake zikipungua sana, hedhi huweza kuwa nyingi kupita kawaida au kupoteza mpango wake, na mayai ya uzazi huweza yasipevuke. Ubongo unapotoa amri ya kuichochea thairoidi, amri hiyohiyo huchochea prolaktini, ambayo ni homoni ya maziwa, nayo prolaktini ikizidi huzuia mayai kupevuka. Pamoja na hayo huja uchovu usiokwisha, kusikia baridi wakati wengine hawaisikii, ngozi kavu, kufunga choo, sauti kuwa nzito, na usahaulifu. Mwanamke wa namna hiyo huweza kuitwa mvivu na mumewe, au kuitwa tasa na mawifi zake, ilhali anachokosa ni sehemu ndogo ya gramu ya madini.

Madhara yaliyo makubwa kupita yote humpata mtoto. Thairoidi ya mtoto aliye tumboni huanza kunasa iodini yapata wiki ya 10 hadi ya 12, na haiwezi kutoa homoni ya kutosha mpaka karibu na nusu ya mimba. Kabla ya hapo homoni yote inayojenga ubongo wake hutoka kwa mama. Upungufu ukiwa mkali, mtoto huweza kuzaliwa akiwa kiziwi asiyeweza kusema, au mwenye miguu iliyokakamaa, au aliyedumaa mwili na akili, na hali hiyo haina tiba. Upungufu ukiwa wa wastani, mtoto huonekana mzima kabisa, lakini huweza kuwa mzito wa kujifunza. Mwalimu humwadhibu na wazazi humkatia tamaa, wala hakuna anayekumbuka chakula cha mama yake miaka minane iliyopita.

UDONGO ULIOOSHWA NA MVUA

Iodini nyingi ya dunia imo baharini. Kutoka huko hupanda hewani, husafiri na mawingu, na hurudi ardhini pamoja na mvua. Lakini katika nchi za milima, mvua kubwa na mmomonyoko wa miaka maelfu huuosha udongo wa juu na kuipeleka iodini mitoni, na mwishowe baharini tena. Mazao yanayolimwa huko, yawe mahindi, viazi, maharage au ndizi, huweza kustawi bila kasoro yoyote, kwa kuwa mimea haihitaji iodini ili iote na kuzaa. Hivyo ghala huweza kujaa, na watu wakala wakashiba, na bado miili yao ikawa na njaa isiyosikika tumboni.

Ndiyo sababu rovu limejulikana tangu zamani katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, katika milima ya Kivu, Rwanda na Burundi, na katika nyanda za juu za Ethiopia. Mwaka 1965 daktari Michael Latham alichapisha matokeo ya uchunguzi wa rovu alioufanya Ukinga, kusini mwa Tanzania, na tangu hapo uchunguzi mwingine umethibitisha kwamba tatizo lilienea katika sehemu kubwa ya nyanda hizo.

Wengi hudhani kwamba chumvi ya kawaida ya pwani, kwa kuwa imetoka baharini, ina madini joto ya kutosha. Hesabu fupi yaonyesha sivyo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi na mikrogramu 60 hivi za iodini. Hata kama iodini yote ingebaki ndani ya chumvi maji yanapokaushwa na jua, gramu 5 za chumvi, ambazo ni kiasi cha kutosha mtu mzima kwa siku, zingekuwa na mikrogramu zisizozidi 9. Kwa kweli hupatikana pungufu ya hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya iodini hupotea katika kazi ya kukausha. Viumbe wa baharini ndio wanaoikusanya iodini katika miili yao: samaki, kamba, chaza na mwani. Kwa hiyo mtu wa pwani hukingwa na kitoweo chake, wala si na chumvi ya shambani mwake.

KUTOKA MAJIVU YA MWANI HADI CHUMVI

Kabla iodini haijajulikana, watu wa nchi mbalimbali walikuwa wameshagundua dawa yake. Nchini China, maandishi ya karne ya 4 ya Ge Hong yalitaja mwani kuwa tiba ya rovu. Katika Ulaya, waganga walitumia majivu ya sifongo za baharini. Hakuna aliyejua kwa nini dawa hizo zilifanya kazi, wala kwa nini nyakati nyingine zilishindwa.

Mwaka 1811 Bernard Courtois wa Ufaransa, aliyekuwa akitengeneza shura kwa ajili ya baruti, aliona mvuke wa rangi ya zambarau ukipanda kutoka katika majivu ya mwani. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa iodini. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva, aliyefahamu habari za majivu ya sifongo, aliwapa wagonjwa wake iodini yenyewe, na marovu yao yakapungua. Lakini baadhi ya watu waliotumia dawa hiyo mpya bila kadiri walipatwa na mapigo ya haraka ya moyo na kukonda, na sifa yake ikaharibika kwa muda mrefu. Mwaka 1895 Eugen Baumann wa Ujerumani aligundua kwamba iodini imo ndani ya thairoidi yenyewe, na mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani akafaulu kuitenga thairoksini.

Ushahidi wa kinga ulipatikana katika mji wa Akron, Marekani, ambako kuanzia mwaka 1917 David Marine na Oliver Kimball waliwapa wasichana wa shule kiasi kidogo cha iodini kwa vipindi. Kati ya wasichana 2,190 waliopewa, 5 tu ndio ambao tezi zao zilikua. Kati ya 2,305 wasiopewa, tezi zilikua kwa 495. Mwaka 1922 Uswisi, nchi ya milima iliyosumbuliwa na rovu tangu kale, ilianza kutia iodini katika chumvi ya mezani, na mwaka 1924 jimbo la Michigan nchini Marekani likafuata. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu tajiri na maskini wote huila, kila siku, na kwa kiasi kinachokaribiana.

Historia hiyo ina fundisho kuhusu dawa za asili kwa jumla. Ndani ya majivu ya mwani mlikuwa na ukweli, na mababu waliouona hawakuwa wajinga. Ila ukweli huo haukuweza kutumika kwa usalama mpaka kiini cha dawa kilipojulikana na kipimo chake kikapatikana. Dawa ya shingo inayotengenezwa kwa mizizi au majani ya mlimani haiwezi kuleta iodini ambayo udongo wa mlima huo hauna.

FUNDISHO LA MIMBA

Mpaka katikati ya karne ya 20 ilikuwa haijathibitishwa kwamba kumpa mama iodini kunaweza kumkinga mtoto na kudumaa kwa akili. Jibu lilitoka katika bonde la Jimi, Papua New Guinea, ambako mwaka 1966 uchunguzi ulianza kwa kudunga sindano ya mafuta yenye iodini katika baadhi ya kaya, na sindano isiyo na iodini katika nyingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili. Tena, watoto wachache wa kundi la iodini waliozaliwa na ulemavu huo walikuwa, karibu wote, wametungwa mimba kabla mama zao hawajapata sindano. Maana yake ni wazi: iodini inafaa iwe tayari mwilini kabla ya mimba kuingia. Ikingojwa mpaka tumbo lionekane, saa iliyo muhimu imekwisha kupita.

Nchini Tanzania, kuanzia miaka ya 1980, vidonge vyenye mafuta ya iodini viligawanywa katika wilaya zilizoathirika zaidi, ili viwakinge wananchi mpaka chumvi yenye madini joto ienee. Mwaka 2009 wataalamu wa uchumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba watoto ambao mama zao walipata kinga hiyo wakati wa mimba walifika mbali zaidi katika masomo, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Wachunguzi wengine waliorudia hesabu hizo baadaye walipata faida ndogo kuliko hiyo. Juu ya ukubwa wa faida pana mjadala. Juu ya hatari ya upungufu mkali kwa ubongo wa mtoto hapana mjadala.

KISIWA CHA IDJWI NA SIRI YA MUHOGO

Katika ziwa Kivu, upande wa Kongo, kuna kisiwa kirefu kiitwacho Idjwi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Ubelgiji, miongoni mwao François Delange na André Ermans, walifanya uchunguzi huko kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoko bara ya ng'ambo. Waliyoyakuta yaliwashangaza. Kaskazini mwa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini magharibi, lilionekana kwa wachache tu. Lakini walipopima mkojo wa wakazi walikuta kwamba sehemu zote mbili zilikuwa na upungufu wa iodini uleule. Ikiwa njaa ya iodini ni moja, kwa nini shingo zitofautiane?

Jibu lilikuwa katika muhogo. Wakazi wa kaskazini waliutegemea zaidi, na muhogo wao ulikuwa na sumu nyingi zaidi. Mzizi wa muhogo una kitu kiitwacho linamarini. Mzizi unapokatwa au kupondwa, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichomo katika mmea huohuo, na sianidi hutoka. Mtu akila muhogo ambao haukutayarishwa vizuri, mwili wake huigeuza sianidi hiyo kuwa thaiosianeti, ambayo haina ukali kama wa sianidi. Lakini thaiosianeti hushindana na iodini katika kuingia ndani ya thairoidi. Penye iodini ya kutosha, ushindani huo hauna madhara makubwa. Penye iodini haba, hata ile kidogo iliyopo huzuiwa mlangoni.

Haifuati kwamba muhogo uachwe. Muhogo ni nguzo ya mamilioni ya watu, na huvumilia ukame unaoyaua mahindi. Kinachotakiwa ni kuutayarisha kama wazee walivyofundisha: kuumenya, kuuloweka kwa siku kadhaa mpaka ulainike, kuuanika juani ukauke barabara, ndipo usagwe. Kuchemsha tu mihogo michungu hakutoshi. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu. Tena, ili mwili uiondoe sianidi unahitaji salfa inayopatikana katika protini; kwa hiyo ugali wa muhogo unaoliwa kwa dagaa au maharage ni salama kuliko unaoliwa mkavu. Akina mama wanapofupisha kazi ya kuloweka kwa sababu ya njaa, uhaba wa maji au haraka ya soko, hatari huongezeka.

Kivu iliwafundisha wachunguzi jambo la pili. Udongo wa sehemu hizo na wa baadhi ya sehemu nyingine za Kongo una upungufu wa seleni pia, madini ambayo mwili huyahitaji ili kuigeuza thairoksini kuwa homoni ile yenye nguvu zaidi. Ilionekana kuwa jambo la busara kuwapa watu seleni. Lakini ilipotolewa peke yake kwa watu waliokosa iodini, homoni zao zilishuka zaidi, na mwaka 1991 wachunguzi wakatoa onyo kuhusu hatari hiyo. Upungufu wa madini ya chuma nao huidhoofisha kazi ya tezi, kwa kuwa kimeng'enya kinachounganisha iodini katika homoni huhitaji chuma. Mama mwenye upungufu wa damu hafaidi chumvi yake ipasavyo. Madini ya mwili hufanya kazi kwa kushirikiana, na kuongeza moja bila kuangalia jingine huweza kuharibu kuliko kutengeneza.

SI KILA UVIMBE NI NJAA YA IODINI

Yapo magonjwa mengine ya tezi hiyo. Katika baadhi yake, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea na kuishambulia tezi ya mwili wake yenyewe. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo ulielezwa mwaka 1912 na daktari Hakaru Hashimoto wa Japani. Huiharibu tezi polepole mpaka homoni zikapungua. Mwingine, uitwao ugonjwa wa Graves, huichochea tezi itoe homoni kupita kiasi, na mgonjwa hukonda, hutetemeka mikono, moyo humwenda mbio, na pengine macho humtoka. Magonjwa yote mawili huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Uvimbe unaokua upande mmoja, ulio mgumu, au unaozuia kumeza na kupumua, nao huhitaji kuchunguzwa hospitalini bila kuchelewa. Katika hali hizo kuongeza iodini, au kunywa dawa za mwani zinazouzwa kwa sifa ya kusawazisha homoni za kike, huweza kuzidisha ugonjwa. Kiasi cha iodini katika mwani hutofautiana sana kwa aina na mahali, na mnunuzi hana njia ya kukijua.

Hata chumvi inahitaji kipimo. Katika miaka ya 1990, Kivu na Zimbabwe zilipopata chumvi yenye iodini, watu kadhaa, hasa wenye marovu ya miaka mingi, walipatwa na ongezeko la ghafla la homoni. Tezi iliyozoea njaa kwa muda mrefu, ikipewa chakula kingi kwa mara moja, huweza kushindwa kujizuia. Tukio hilo halikubatilisha faida ya chumvi. Lilionyesha kwamba kiasi kinachotiwa kiwandani hakina budi kusimamiwa.

MAMBO YA KUZINGATIA NYUMBANI NA SOKONI

Sheria za Tanzania na za Kenya zinataka chumvi ya chakula iwe na madini joto. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini katika kila kilo humpatia mtu mikrogramu 150 katika gramu 5, yaani mahitaji yake ya siku nzima bila kuzidisha chumvi. Katika nchi za joto hutumika iodeti ya potasi, ambayo huvumilia unyevu na joto kuliko iodidi. Hata hivyo madini hayo hupungua chumvi ikiachwa wazi. Inafaa basi kununua chumvi iliyofungwa na yenye maelezo, kuiweka katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, mvuke na jiko, na kuitia katika mboga karibu na kuiva. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni huwa rahisi kwa bei, lakini mara nyingi haikutiwa kitu, na kuiosha ili iwe nyeupe huondoa hata kile kidogo kilichokuwamo.

Ukaguzi wake si kazi ngumu. Iko dawa ya matone ambayo hugeuza chumvi kuwa na rangi ya buluu au zambarau iwapo ina madini joto. Chupa moja ndogo yatosha kupima chumvi za duka zima, na walimu wa sayansi waweza kuifanya iwe somo kwa wanafunzi, kila mmoja akileta chumvi kidogo kutoka nyumbani kwao.

Wazalishaji wadogo wa mashamba ya chumvi ya pwani wanastahili kusaidiwa mitambo na dawa ya kuchanganya, kwa kuwa chumvi yao ndiyo inayosafiri mpaka milimani, mahali ambapo upungufu wake huleta hasara kubwa zaidi. Wauguzi wa kliniki nao wana nafasi ya kuwaeleza wasichana na akina mama habari hizi kabla ya mimba, pamoja na mafunzo ya mboga za majani, dagaa, mayai na maharage. Wala mganga wa jadi asiachwe nyuma: mwenye shingo iliyovimba humwendea yeye kwanza, naye akiwa na habari sahihi aweza kumwelekeza hospitalini mapema.

Mama mwenye rovu la muda mrefu pengine hataliona likiisha kwa chumvi pekee. Lakini binti yake anayevunja ungo mwaka huu, akila chumvi iliyotiwa madini joto kwa kadiri yake, na muhogo ulioloweka ukakauka, aweza kubeba mimba zake bila tezi yake kuelemewa, na kuzaa watoto ambao akili zao hazikupunguziwa chochote kabla ya kuzaliwa.